Kipande Kisicho na Jina

Shangazi yangu ndiye aliyenilea. Alipogundua uvimbe mgumu katika titi lake alinyamaza miezi mingi kwa sababu ya haya. Mficha uchi hazai. Hatimaye alisema, akapelekwa hospitali, na siku ya kupasuliwa ikawekwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakuniuliza kama atapona. Aliniuliza, "Mwanangu, hicho watakachokikata watakitupa wapi?" Mimi ni mwalimu, nimezoea kuulizwa na kujibu, lakini usiku ule sikuwa na jibu.

Rafiki yangu mmoja wa utotoni ni fundi katika maabara ya hospitali. Siku mbili baada ya shangazi kupasuliwa, daktari mkuu wa maabara aliniruhusu kusimama kando yake, nitazame nisiguse kitu.

Mezani palikuwa na chombo chenye kipande cha nyama ya titi ndani ya formalini, dawa ambayo harufu yake iliniwasha macho. Nyama iliyotoka mwilini huanza kuharibika mara moja, na dawa ile huzuia uharibifu. Nyama ya titi hukaa humo si chini ya saa 6, wala si zaidi ya saa 72. Rafiki yangu alisoma nambari ya chombo, akailinganisha na ile ya karatasi, kisha akasoma zote mbili tena. Alikipima kipande uzito, akakifuta kwa upole, akatafuta nyuzi mbili alizozishona daktari mpasuaji: mfupi ulionyesha upande wa juu, mrefu ulionyesha upande wa kwapa.

Ndipo alipokilaza chini ya kamera, juu ya kitambaa safi cha buluu. Kando yake aliweka rula na nambari. Taa alizielekeza kutoka pande mbili ili unyevu usimetemete. "Kikisha kukatwa hakiungiki tena," alisema. "Picha ndiyo kumbukumbu yake."

Baada ya picha alikipaka wino wa rangi mbalimbali, kila upande rangi yake, akakikata vipande vyembamba mfano wa mkate. Katikati ulionekana uvimbe, mweupe, mgumu, umetandaza miguu kama mizizi. Alipiga picha tena. Sehemu ndogo zingegandishwa katika nta, zikatwe kwa unene wa kama sehemu 4 za milimita iliyogawanywa mara 1,000, zitiwe rangi, na daktari azitazame kwa hadubini. Kama seli za saratani zimeugusa wino, huenda nyingine zimesalia mwilini. Kama hazikuugusa, pana tumaini.

Moyo wangu ulinishinda. "Je, hiki ni cha shangazi yangu?"

"Hata kama ni chake, si haki yangu kukuambia," alijibu. "Katika picha hii hamna jina wala uso. Lakini nikikosea nambari moja, mwanamke mmoja atapewa ugonjwa wa mwenziwe, na mwenziwe atapewa afya isiyo yake."

Niliona haya kwa kuuliza. Tangu siku hiyo, mwanafunzi wangu akiandika nambari ovyo juu ya chupa ya maabara, humrudishia aandike upya, hata kengele ikiwa imelia.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Uvimbe ulikuwa saratani, lakini haikuugusa wino mahali popote. Shangazi angali akiendelea na matibabu, na wasichana wa jirani huwaambia wasikae kimya kama alivyokaa yeye.

Nilimweleza yote niliyoyaona: nyuzi, rula, taa na wino. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake juu ya bendeji.

"Basi," alisema, "walikitazama vizuri kuliko nilivyojitazama mimi."