Padri na Mwalimu Wake

Mtu ahamiaye nchi ngeni huwa mtoto tena hali ana ndevu. Watoto wa nchi hiyo humcheka asemapo. Wazee humstahi, walakini hawamwambii siri. Na mambo ambayo kwao aliyafanya bila kufikiri, kama kusalimu, kula, kunyamaza na kuomba ruhusa ya kuondoka, humpasa kujifunza upya moja baada ya moja. Mfanyabiashara aweza kuishi katika hali hiyo miaka ishirini asidhurike, kwa kuwa mizani na fedha husema kwa niaba yake. Askari aweza pia, kwa kuwa amri haihitaji maneno mengi. Mmisionari hawezi. Kazi yake yote ni neno, na mtu ambaye kazi yake ni neno akiwa hana lugha ni sawa na mvuvi aliyefika ziwani pasipo wavu.

Musoma ni mji ujuao wageni. Umekaa juu ya ncha ya nchi iliyoingia katika Ziwa Viktoria, una majabali makubwa kandokando, na ubavuni mwake iko ghuba ambamo Mto Mara humwaga maji yake. Katika mtaa wa Mwigobero, penye mwalo na soko, vyombo huja na kwenda kati ya mji na Kinesi ng'ambo ya ghuba, na mtu asimamaye hapo kwa saa moja husikia Kijita, Kikwaya, Kiruri, Kiluo, Kikuria na lugha nyingine, zote zikikutana katika Kiswahili wakati wa kupatana bei. Mgeni aliyefika hapo katika miaka ya 1950 na Kiswahili chake cha kujifunza aliweza kudhani kwamba safari yake ya lugha imekwisha. Kwa mambo ya sokoni, ilikuwa imekwisha. Kilomita arobaini na kitu kutoka hapo, katika vilima vya Wazanaki upande wa Butiama, ilikuwa haijaanza.

Mapadri wa Maryknoll, shirika la Wakatoliki wa Marekani lililoundwa mwaka 1911, walifika Musoma mwaka 1946 kuendeleza kazi ya Mapadri Weupe, ambao misheni yao ya Nyegina ilifunguliwa mwaka ule ule wa 1911. Kwa hiyo shirika hilo na misheni ile vilikuwa na umri mmoja, na pengine ilifaa kwamba vikutane. Miongoni mwa vijana walioletwa na shirika hilo alikuwa Padri Arthur Wille. Mwaka 1955 alikuwa akitayarishwa kwenda kukaa kwa Wazanaki, na ilimlazimu kwanza kujua Kizanaki.

Kizanaki ni ndugu wa Kiswahili kwa nasaba, wala si kwa sura. Ngeli zipo, viambishi vipo, na mtu ajuaye kimoja huona ukoo katika kingine. Lakini nomino za Kizanaki hutanguliwa na irabu ambayo Kiswahili hakinayo, ndiyo maana wenyewe huiita lugha yao Ikizanaki. Tena sauti hupanda na kushuka ndani ya neno, na kwa kupanda na kushuka huko maana hubadilika. Kiswahili hakina jambo hilo. Basi mgeni aliyekizoea Kiswahili anapofika Uzanaki huwa amekwisha kujifunza kutosikia, na sikio lililojifunza kutosikia ni gumu kuliko sikio lisilojua kitu. Wala lugha hiyo haikuwa na maktaba. Vitabu vyake vilikuwa watu.

Kitabu kilichomwangukia padri huyo hakikuwa cha kawaida. Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaenda Tabora, kisha Makerere. Akabatizwa Nyegina Desemba 1943. Akafundisha Tabora, akasoma Edinburgh hata mwaka 1952, na aliporudi akawa mwalimu Pugu, karibu na Dar es Salaam. Julai 1954 chama cha TANU kiliundwa naye akawa rais wake. Machi 1955 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kule New York kuieleza hali ya Tanganyika. Aliporudi alitakiwa kuchagua kati ya siasa na ualimu. Akaacha ualimu. Akiwa na umri wa miaka 33, mwenye mke na watoto wadogo, asiye na mshahara, alirudi kwao katika nchi ya Mara. Hapo ndipo mapadri wa Musoma walipompa kazi ya kumfundisha mwenzao kijana Kizanaki.

Zitazamwe hali za watu hawa wawili. Padri alikuwa na cheo asiwe na lugha. Mwalimu alikuwa na lugha asiwe na kazi. Mmoja alikuwa ametoka Marekani kuja kufundisha, akajikuta ameketi kufundishwa. Mwingine alikuwa ameacha kufundisha kwa ajili ya nchi nzima, akajikuta amerudi kufundisha mtu mmoja. Kila mmoja alikuwa kati ya mambo mawili, hajafika huku wala hajatoka kule, na hali ya namna hiyo humkuza mtu kuliko ushindi.

Tena ukumbukwe utawala wa siku zile. Tanganyika ya mwaka 1955 ilipanga watu kama ngazi ipangwavyo: Mzungu juu, Mwasia kati, Mwafrika chini, ndivyo ilivyokuwa katika shule, hospitali na mishahara. Gavana Edward Twining alikitazama chama cha TANU kwa jicho baya. Lakini kila siku ya somo, kwa muda wa somo, ngazi hiyo ilipinduka: Mwafrika alisahihisha na Mzungu akarudia. Yawezekana kusema kwamba jambo hilo si geni, maana karibu Wazungu wote waliojifunza lugha za Afrika walifunzwa na Waafrika. Ni kweli. Ila aghalabu waliowafunza waliitwa wasaidizi, na kitabu kilipochapishwa kikatoka kwa jina la mwanafunzi. Tofauti ya Musoma ni kwamba aliyefundisha alikuwa mwalimu kwa kisomo, kwa kazi na kwa heshima ya watu, hata padri hakuwa na njia ya kumwita jina jingine.

Watu wa misheni wana desturi ya kupima kukua kwa mmisionari kwa madaftari: wangapi wamebatizwa, ndoa ngapi zimefungwa, kanisa limeezekwa kwa bati au kwa nyasi. Hesabu hizo zina kazi yake, wala hapana sababu ya kuzidharau. Lakini ziko hatua nyingine ambazo haziandikwi mahali. Iko siku mgeni anapochekwa asione uchungu. Iko siku mzee anapombishia, badala ya kuitikia ndiyo kwa adabu na kwenda zake. Siku hiyo ni kubwa, kwa sababu watu hawambishii asiyesikia. Na iko siku anapokosa neno katika lugha yake mwenyewe kwa sababu lile la ugenini limewahi kufika mdomoni. Mtu hafiki siku hizo kwa kuongeza bidii ya kusema. Hufika kwa kukubali kusahihishwa.

Mwalimu huyo hakuishia kwenye salamu na sarufi. Alitafsiri pia kwa Kizanaki baadhi ya masomo ya Injili ambayo padri angeyahitaji kanisani, na kazi hiyo ni mtihani wa peke yake. Neno kama dhambi au rehema laweza kubebwa kutoka Kiswahili, ambacho nacho kililipokea kutoka Kiarabu. Ila likifika Uzanaki huwa mgeni kama padri mwenyewe, limesimama mlangoni na mzigo wake, halijui likae wapi. Kulitafutia neno la kwao kunahitaji kujua mtu aliyemkosea ndugu yake husemaje, wazee wakiwapatanisha hufanya nini, na baada ya hapo nani hula na nani. Mambo hayo hayamo katika sarufi. Wazee wa sehemu hizo waliliheshimu jua katika maombi yao. Padri asiyelijua jambo hilo aliweza kuhubiri mwaka mzima juu ya mwanga asifahamu ni kitu gani amekigusa mioyoni mwa wasikilizaji.

Hata jina la mwalimu lilikuwa somo. Kambarage ni jina la mzimu wa mvua. Julius ni jina la ubatizo. Baba yake alikuwa mtemi mwenye wake wengi, akafa mwaka 1942 bila ubatizo, na mwana akabatizwa mwaka uliofuata. Padri kijana, aliyetoka katika nchi ambako sheria haimjui mke wa pili, alikuwa akifundishwa na mwana wa boma la wake wengi: mwana aliyekuwa Mkristo wa kweli na ambaye, hata hivyo, hakumwonea haya baba yake. Katika vitabu vya seminari, boma kama lile ni tatizo lenye kichwa cha habari na ibara zake. Mbele ya padri lilikuwa mtu aliyeketi na daftari, mwenye heshima kwa wazazi wake wote. Ni vigumu mtu kuketi siku nyingi mbele ya mwalimu wa namna hiyo, kisha akahubiri juu ya mababu wa wenzake kwa ulimi ule ule aliokuja nao.

Isidhaniwe kuwa mambo haya yaliwapata Wakatoliki tu. Kaskazini ya ghuba, kule Shirati, Mmenoni Elam Stauffer kutoka Pennsylvania alifika mwaka 1934 kuanza kazi miongoni mwa Wajaluo, na baada ya muda wenzake wakajenga Bukiroba karibu na Musoma. Walikuja na desturi zao za mavazi na za kanisa, wakazifundisha pamoja na Injili kana kwamba vyote vilikuwa kitu kimoja. Mwaka 1942 uamsho ulizuka Shirati. Weusi na weupe wakaungama pamoja, na wamisionari wakalazimika kusikia walivyoonekana machoni pa watu waliokuja kuwahubiri. Mwaka 1967 Zedekia Kisare, mwenyeji wa Shirati, akawekwa kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo. Miaka 33 ni mirefu kwa mtu angojaye. Kwa kanisa lililojifunza polepole, labda ndiyo bei yake.

Masomo ya Musoma hayakudumu. Oktoba 1955 mwalimu alirudi Dar es Salaam kukitumikia chama chake kwa muda wote, na mengine yajulikana na kila mwanafunzi wa historia: Waziri Mkuu mwaka 1961, Rais mwaka 1962. Padri akaenda Uzanaki kukaa na watu ambao lugha yao alikuwa amejifunza kinywani mwa mwana wao. Urafiki wa wawili hao haukukatika hata mwalimu alipofariki London, tarehe 14 Oktoba 1999, akarudishwa Butiama kuzikwa. Kati ya mwanzo huo na mwisho huo iko Oktoba 1970, ambapo mwalimu, sasa ni Rais, alipokuwa New York alikwenda kuzungumza na Masista wa Maryknoll kwao. Aliwaambia kwamba kanisa halina budi kushiriki katika kupinga taratibu za jamii zinazowafunga watu katika umaskini, la sivyo litahesabiwa upande wa udhalimu. Maneno yalikuwa makali, nayo hayakutoka kwa adui. Ni maneno ambayo mtu huweza kuwaambia watu waliokwisha kukubali kusahihishwa naye.

Tangu miaka ya 1960 wamisionari wa mashirika na makanisa mengi wamejifunza Kiswahili katika shule ya lugha ya Makoko, ufukweni mwa ziwa pale pale Musoma. Hiyo ni faida kubwa, na Kiswahili kimestahili. Lakini Kiswahili kilichoenea kimeleta jambo ambalo halikutazamiwa. Katika Butiama na vijiji vyake vijana wanasema Kiswahili tangu utoto, hata Kizanaki kinasikika zaidi kwa wazee. Padri au mchungaji kijana ahamiaye huko leo, awe ametoka Marekani au Kilimanjaro au Kagera, aweza kuhubiri Jumapili ya kwanza, akafahamika, akasifiwa. Hakuna atakayemcheka. Hakuna atakayemlazimisha kuketi miezi kadhaa na daftari mbele ya mtu wa hapo, arudie neno moja mara kumi mpaka sauti ipande panapopaswa. Akitaka kuwa mtoto, itampasa aombe mwenyewe, tena mapema, maana waliobaki na subira ya kumfundisha ni wazee.