Chumvi Hukaa Wapi Mwilini?

Katika nyumba yetu hapa Ruashi chumvi ilituletea ugomvi wa mwaka mzima. Mama yetu mzazi alipooza upande wa kuume asubuhi moja, alipokuwa akijitayarisha kwenda Misa. Majirani wakaja na maneno yao: huyu alitaja wachawi, yule akamtaja kwa jina shangazi asiye na kosa. Daktari alimpima, akasema ni tansio, yaani shinikizo la damu. Akamkataza makayabo, akatuagiza tupunguze chumvi katika sombe. Mama alikasirika. "Chumvi naila tangu utoto," alisema, "na kila siku naikojoa. Yakaa wapi basi, hata iniue?"

Hatukuwa na la kumjibu. Na kusema kweli, swali lake lilikuwa na akili kuliko mahubiri yetu. Hata mabingwa walifundisha miaka mingi kwamba chumvi izidiyo huvuta maji mwilini, kisha figo huitoa pamoja nayo, yakaisha.

Kumbe, ipo mashine iliyoweza kumjibu. Wengi wamesikia habari za mashine ya sumaku, ambayo waganga wetu huiita IRM, nayo hupiga picha za ndani ya mwili bila miali ya eksirei. Kwa desturi husikiliza haidrojeni iliyomo katika maji na mafuta ya mwili. Lakini chumvi tulayo ina sodiamu, na sodiamu nayo huitika ikiitwa, ila kwa masafa yake yenyewe, yapata robo ya yale ya haidrojeni. Ni kama redio: usipozungusha kitufe hadi mahali pake, kituo hukisikii. Tena sauti yake ni dhaifu, kwa kuwa sodiamu mwilini ni chache mno kuliko haidrojeni. Kwa hiyo picha huchukua muda, nayo hutokea na ukungu.

Mwaka 1983 Sadek Hilal, daktari mwenye asili ya Misri aliyefanya kazi New York, pamoja na wenzake, walitangaza picha za sodiamu katika ubongo wa paka aliyepatwa na kiharusi. Chembe hai ya mwili haipumziki. Usiku na mchana huisukuma sodiamu nje, hata ndani ibaki kama sehemu moja kwa kumi tu ya ile iliyoko nje. Damu isipoifikia, nguvu yake hukoma, na sodiamu huingia kama maji katika mtumbwi uliopasuka. Tuliposoma hayo tulimtazama mama, na mkono wake wa kuume uliolala mapajani.

Lakini jibu la swali lake hasa lilitoka Erlangen, Ujerumani. Mwaka 2013 Jens Titze na wenzake walionyesha, kwa picha za mguu chini ya goti, kwamba sodiamu hujilimbikiza katika misuli na katika ngozi, na kwamba akiba hiyo huongezeka mtu azeekapo. Wenye tansio isiyotii dawa walikuwa nayo zaidi. Wagonjwa wa figo, baada ya damu yao kusafishwa kwa mashine, walionekana imepungua. Basi haikojolewi yote! Hadi leo kazi hiyo ni ya wachunguzi zaidi kuliko ya hospitali za kila siku, nasi hatukuihitaji ili kupima tansio ya mama. Kifaa cha kufunga mkononi chatosha.

Hatutaki kuidharau chumvi. Wazee wa Katanga waliichemsha Mwashya, karibu na mto Lufira, na katika zama za Msiri ilikuwa mali ya biashara. Sisi tuliobatizwa kabla ya kanuni mpya za mwaka 1969 tulitiwa chembe yake ulimini.

Tulimweleza mama hayo yote jioni moja. Hakubisha. Aliutazama mkono wake, akaibana ngozi kidogo kwa vidole vya mkono wa pili, akauliza, "Humu?" Tukamwambia, naam, humo. Tulimwambia pia kwamba Shirika la Afya Duniani lashauri chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja kidogo, pamoja na iliyomo tayari katika mkate, makayabo na vidonge vya mchuzi.

Siku hizi kijiko hicho hukishika yeye, kwa mkono wa kushoto, na hapana mtu jikoni anayethubutu kuongeza.