Zawadi Zitokazo Mikononi Mwetu

  

Tunawaandikia kutoka Eldoret, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako alfajiri mtu huenda msikitini akiwa amevaa sweta juu ya kanzu. Msimu huu mahindi ya Uasin Gishu yamevunwa, shule zimefungwa hadi Januari, na watoto wamejaa majumbani. Ndio wakati ambao maduka ya mjini hutundika vitu vya kuchezea milangoni, na mtoto apitaye na mamake hushika ncha ya buibui akauliza, "Mama, na sisi lini?" Kwa hivyo tumeazimia leo kuzungumza juu ya zawadi, hasa zile ambazo familia yaweza kuzitengeneza yenyewe nyumbani.

Lililotusukuma kuandika ni suala tuliloulizwa. Siku chache baada ya Idi iliyopita, mama mmoja mjane wa mtaa wetu, aliyehamia huku kutoka Mombasa pamoja na marehemu mumewe, alitujia barazani baada ya Alasiri.

"Maalim, nina suala."

"Sema, mamangu."

"Je, yafaa mtu kukopa kwenye simu, akalipa na ziada, ili watoto wake wavae na wapate vya kuchezea siku ya Idi?"

Tukamjibu kwamba ziada hiyo ni riba, na riba imeharamishwa. Na kwamba nguo mpya na vitu vya kuchezea si dharura ya kuhalalisha haramu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mimi nimekwisha kopa, Maalim, na hata sasa nalipa. Mwaka uliotangulia sikukopa. Mwanangu wa pili alishinda nyuma ya mlango siku nzima ya Idi, akisema tumbo lamuuma. Nami najua tumbo lilikuwa haliumi."

Hukumu tuliyompa ni ile ile, na lau angetuuliza leo tungeirudia. Lakini anayemfungia mwenzake mlango mmoja yampasa amwonyeshe mlango mwingine ulio wazi, na mlango huo tuliutafuta pamoja na kina mama wa darasa letu la Jumamosi. Tulipofungua vitabu tukaona kwamba wema waliotangulia walikwisha upita.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Bi Rubayyi' binti Mu'awwidh (R.A.), mmoja katika wanawake wa Ansari wa Madina, kwamba walipoamrishwa kufunga siku ya Ashura, waliwafungisha na watoto wao wadogo. Wakawatengenezea kitu cha kuchezea kwa sufu; mtoto alipolia kwa njaa, walimpa kile kichezeo akaliwazika nacho mpaka wakati wa kufuturu. Tazameni, mama zetu: wake wa Ansari, ambao Mwenyezi Mungu amewasifu watu wao katika Kitabu chake, walikaa wakasokota sufu kwa ajili ya kilio cha mtoto, na jambo hilo likahifadhiwa na wapokezi wa hadithi hadi likatufikia sisi.

Vilevile Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliporudi kutoka katika moja ya safari zake za vita, upepo uliinua pazia chumbani mwa Bi Aisha (R.A.), akaona wanasesere wake, na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za vipande vya kitambaa. Akamuuliza juu ya farasi mwenye mbawa, naye akamjibu kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka hata yakaonekana magego yake. Kutokana na hadithi kama hizi, wanazuoni wengi wameruhusu wanasesere kwa watoto. Na atakaye kuchukua hadhari zaidi, basi amwache mwanasesere bila ya kumchorea macho wala mdomo, na mtoto hatapungukiwa na kitu.

Sasa, ndugu zetu wa Pwani huenda wakasema: sisi tuna ukindu na miyaa, tuna mafundi wa kofia za vito, nyinyi wa huko juu mna nini? Ni kweli kwamba mkindu haumei uwanjani kwetu, na kofia ya vito, ambayo sindano hupita ndani yake wiki baada ya wiki na pengine miezi, si kazi ya kumpa mtoto wa miaka 8. Lakini Mwenyezi Mungu hakuiacha nchi yoyote bila ya riziki yake. Eldoret ni mji wa nyuzi na nguo. Hapa kipo kiwanda cha Ken-Knit kinachotengeneza nyuzi za kufumia, na kipo kiwanda cha nguo cha Rivatex, ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007. Kondoo wa sufu wanalishwa katika nyanda hizi za juu, na maganda ya mahindi yametapakaa kila shamba baada ya mavuno. Tena tunaishi na Wanubi, Waislamu wenzetu wa tangu zamani katika nchi hii, ambao kina mama zao wanasifika kwa kusuka vifuniko vya vyakula vya rangi nyingi, ndugu wa makawa yetu ya Pwani. Basi tumeyakusanya haya, na kina mama wamejaribu kazi nne ambazo tunawaletea hapa.

Ya kwanza ni mwanasesere wa uzi, kwa kumfuata Bi Rubayyi'. Chukua donge la uzi wa kufumia, na kipande cha katoni kilicho kirefu kama kiganja. Uzungushe uzi juu ya katoni mara 50 au 60. Pitisha uzi mfupi chini ya mizunguko upande wa juu, uifunge pamoja kwa nguvu, kisha uitoe katoni. Funga tena chini kidogo ya ncha ile, na hicho ndicho kichwa. Tenga nyuzi chache kila upande ziwe mikono, uzifunge kwenye vifundo na ukate zilizozidi, funga kiuno, kisha kata mizunguko ya chini ili nyuzi ziachane. Ukiziacha hivyo ni gauni; ukizigawa mafungu mawili na kuyafunga, ni miguu. Mtoto wa miaka 6 akisaidiwa na dadake humaliza mmoja kabla ya adhana ya pili, na donge moja hutosha wanasesere kadhaa. Kwa mtoto mchanga msitie vifungo wala shanga, asije akazitia mdomoni.

Ya pili ni ukili wa maganda ya mahindi. Yaacheni maganda ya nje yaliyo magumu, mchague ya ndani yaliyo laini na meupe. Yaanikeni kivulini, maana jua kali huyafanya yavunjike. Siku ya kusuka, yaroweke katika maji ya vuguvugu kwa muda mfupi, uyachane vipande vya upana wa kidole gumba, na usuke kwa njia tatu kama nywele za binti. Kila kipande kinapokaribia kwisha, ingiza kingine juu yake kabla hakijaisha, wala usingoje mpaka mwisho, ama sivyo utafumuka. Ukili ukifika urefu wa pima mbili, uzungushe kuanzia katikati ukiushona ubavu kwa ubavu kwa sindano nene ya magunia. Hapo utapata kitako cha kuwekea sufuria ya moto au birika la chai. Na ukiendelea kwa kuukunja kwenda juu, utapata kikapu cha tende. Bibi mmoja mzaliwa wa Lamu, ambaye vidole vyake vilikuwa havijashika ukili kwa muda wa miaka mingi, alipopewa maganda haya aliyanusa kwanza, akasema hayana harufu ya ukindu. Kisha akaanza kusuka bila ya kutazama mikono yake, na watoto wakamzunguka. Katika kusuka kule wajukuu zake, ambao nyumbani humjibu kwa Kiingereza, wakajifunza maneno ukili, kawa, jamvi na msala kutoka kinywani mwake. Hilo nalo ni zawadi, na wala halikununuliwa.

Ya tatu ni mfuko wa msahafu. Tangu Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini Kenya, kila nyumba imejua thamani ya mfuko wa kitambaa. Chukua leso iliyochakaa pembeni lakini ikabaki nzima katikati, au shati la mtumba lililo safi. Kata kipande chenye upana unaozidi msahafu kwa vidole vinne, na urefu wa mara mbili na nusu ya urefu wake. Kikunje kwa ndani nje, ushone mbavu mbili, kisha ukunje ukingo wa juu upate njia ya kupitishia kamba. Ugeuze, utie kamba, kazi imekwisha. Hii ni kazi ya mtoto wa miaka 10 na zaidi, naye aweza kumpa mwenzake wa chuoni anayebeba juzuu yake mkononi katika mvua.

Ya nne ni kifuko cha manukato, chepesi kuliko vyote. Kata duara la kitambaa chepesi lenye ukubwa wa kisahani, utie katikati kijiko cha karafuu, vipande vya mdalasini na hiliki chache, ukusanye kingo na ufunge kwa utepe au uzi. Kikiwekwa kabatini katikati ya nguo, hunukia kwa miezi. Mpelekee nyanya, mpelekee mwalimu, mpelekee na jirani asiyekuwa Muislamu, kwani haki ya jirani haikuwekewa mpaka wa dini.

Wavulana walipoona wanasesere na vifuko walinung'unika kwamba hiyo ni kazi ya wasichana. Tukawaambia kwamba Nabii Daud alikuwa mfalme, na hata hivyo akila kutokana na kazi ya mkono wake, akiunda deraya za chuma. Mzee mmoja akawachongea madau madogo ya mbao nyepesi, yenye tanga la kitambaa, wakayaelea katika karai la maji uwanjani. Mto Sosiani tuliwakataza, kwa kuhofia usalama wao. Wengine wakaunda magari ya waya, ufundi ambao watoto wa bara wanaujua kuliko sisi.

Mwisho tuna adabu tatu za kuusia. Ya kwanza ni uadilifu. Katika hadithi ya Nu'man bin Bashir (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, babake alitaka kumpa zawadi yeye peke yake miongoni mwa wanawe, na Mtume (S.A.W.) akakataa kuishuhudia, akaamrisha wazazi wamche Mungu na wafanye uadilifu baina ya watoto wao. Basi ukimfumia mmoja, mfumie na mwingine. Na ikiwa nyumbani kwako yupo mtoto wa mke mwenzio au yatima unayemlea, uzi wa donge lile lile ufike mpaka kwake.

Ya pili ni kutoidharau zawadi ndogo. Mtume (S.A.W.) aliwausia wanawake wa Kiislamu wasidharau zawadi baina ya majirani, hata ingekuwa kwato ya kondoo. Usia huu una pande mbili: mtoaji asione haya kutoa kidogo, na mpokeaji asiangalie bei. Mtoto wako akiletewa mwanasesere wa uzi, na kabatini anao wa dukani mwenye kusema na kuimba, mfunze kushukuru kwa ulimi na kwa uso.

Ya tatu ni kutomsimbulia uliyempa, kwani masimbulizi huibatilisha sadaka. Mama wa Waumini Bi Zaynab binti Jahsh (R.A.) alikuwa fundi wa ngozi, akidabagha na kushona kwa mikono yake, kisha akitoa sadaka alichokipata, naye akasifiwa kwa mkono wake mrefu wa kutoa.

Yule mama mjane hakukosa darasa hata Jumamosi moja. Deni la simu bado analilipa, na baadhi ya kina mama wamemchangia kupunguza. Hatuwezi kusema kwamba uzi na maganda vimeliondoa. Lakini vitako vyake vya ukili vimeanza kununuliwa na majirani, na amenuia mbele yetu kwamba Idi ijayo hatakopa. Mwanawe wa pili, yule aliyejificha nyuma ya mlango, ameshona mifuko mitatu ya msahafu, na alipoulizwa ni ya nani, alisema bado anafikiri atampa nani. Nasi tukaona kwamba mtoto huyo, ambaye alikuwa akingoja kupewa, sasa anahesabu wa kuwapa.

Basi, mama zetu, kabla likizo haijaisha, tengeni siku moja katika wiki, mzime simu na runinga baina ya Alasiri na Magharibi, mtandike mkeka, mketi na watoto wenu. Baba naye asikae mbali akangoja chai. Mkasi na sindano havimwondolei heshima. Anzeni mapema, ili Idi itakapofika vikapu viwe vimejaa na mfuko usiwe na deni.

Twamuomba Mwenyezi Mungu aibariki mikono yenu, azilinde nyumba zetu na riba na israfu, awaruzuku watoto wetu ukunjufu wa moyo wa kutoa na wa kupokea, na awarehemu waliotangulia kutufunza. Amin. Wabillahi tawfiq.