Viza Yetu Iliruhusu Kuingia Mara Moja

Akina mama wenzetu, ikisikika mtaani kwamba familia fulani imepata viza ya kwenda kufanya kazi ng'ambo, maswali huwa ni yale yale. Mshahara ni kiasi gani? Baridi ya huko mtaiweza? Watoto watasoma kwa lugha gani? Sisi tuliulizwa yote hayo mwaka 2018, na tuliyajibu. Swali ambalo hakuna aliyetuuliza, lakini lililokuja kuigusa nyumba yetu kuliko mengine yote, ni hili: viza hiyo inawaruhusu kuingia mara ngapi?

Tunaliandika hapa kwa sababu jambo hili si la mabalozi na wafanyabiashara wakubwa tu. Wapo dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani Uarabuni. Wapo wauguzi, walimu na mafundi waliotawanyika kila upande wa dunia, na wengi wao wameacha nyuma wazazi wazee na watoto wadogo. Kwa watu kama hao, ruhusa ya kutoka na kuingia mara nyingi si anasa ya kusafiri. Ndiyo njia ya kwenda kumuuguza mama na kurudi kazini.

Safari ya Kiswahili

Katika nyumba yetu mmoja ni mwalimu wa Kiswahili, mwenzake ni muuguzi. Lugha yetu ina historia ndefu huko China. Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na miaka hiyo hiyo Kiswahili kilianza kufundishwa chuoni Beijing. Leo vyuo kadhaa vya nchi hiyo vinakifundisha. Chuo kimoja kilimpa mwalimu wetu mkataba wa mwaka mmoja, unaoweza kuongezwa. Muuguzi aliomba likizo bila malipo, kwa kuwa mke au mume anayemfuata mwenzake huko kwa viza ya familia haruhusiwi kufanya kazi. Kijana wetu, aliyekuwa kidato cha pili, alibaki shule ya bweni, na likizo zake angekwenda kwa bibi yake Marangu. Binti yetu wa miaka minne tungekwenda naye.

Bibi huyo ndiye mama aliyemzaa baba wa watoto wetu. Alikuwa na miaka 74 na moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Kwa hiyo tangu mwanzo tulijua kwamba huenda tukahitaji kurudi nyumbani ghafla.

Kukusanya karatasi kulichukua miezi. Palitakiwa shahada ya chuo, cheti cha polisi cha tabia njema, vipimo vya afya, cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Nyaraka nyingine zilipitia Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozini, ili zithibitishwe. Kwenye cheti kimoja, karani wa usajili alikuwa ameandika jina la mama wa mtoto kwa herufi "z", na kwenye pasipoti ni "s". Kwa herufi moja tulilazimika kuapa mbele ya wakili na kusubiri wiki mbili zaidi.

Fomu ya viza ya mwaka ule ilikuwa na sehemu ya kuchagua idadi ya kuingia: mara moja, mara mbili, au mara nyingi. Tuliweka alama kwenye mara nyingi, na tukaambatanisha maelezo kuhusu mama yetu mgonjwa. Mfanyakazi aliyezipokea fomu dirishani alizisoma kwa makini.

"Mwalimu, na wewe mama," alisema kwa upole, "aina hii ya viza hutolewa kwa kuingia mara moja tu."

Tulikwenda tukarudi na barua kutoka chuoni ikituombea. Jibu likawa lile lile. Hapakuwa na ukali wala roho mbaya ya mtu. Sheria ya China ya kuingia na kutoka, iliyoanza kutumika Julai 1, 2013, imepanga kwamba anayekwenda kufanya kazi apewe kwanza viza ya kumfikisha, kisha ndani ya siku 30 za kufika aombe polisi kibali cha ukaazi. Kibali hicho ndicho kinachomruhusu kutoka na kuingia atakavyo mpaka tarehe yake iishe. Ubalozi haukuwa na uwezo wa kutupa kile tulichokuwa tunakiomba.

Pasipoti ziliporudi, tulizifungua kwenye kiti cha daladala. Idadi ya kuingia: 01. Muda wa kukaa: 000. Zile sifuri tatu zilitutia hofu mpaka tulipoelezwa maana yake, kwamba muda wetu ungepangwa na kibali baada ya kufika. Lakini ile 01 haikuhitaji maelezo. Tukishaingia, kabla ya kupata kibali, tukitoka hata kwa siku moja viza imekwisha. Tungeanza tena karatasi zote.

Uamuzi wa Nyumbani

Usiku ule tuliongea mpaka saa saba. Je, twende, na mama yuko katika hali ile? Au tuukatae mkataba, na huku ada za shule zinatungoja? Tulifunga safari hadi Marangu tukamweleza mama yote, pamoja na habari ya zile wiki ambazo tusingeweza kurudi. Alisikiliza huku anamenya ndizi. Kisha akasema, "Nimewazaa mfanye kazi, sikuwazaa mnilinde nisife. Nendeni. Mkinikuta tutacheka. Msiponikuta, kaburi langu mtalijua lilipo."

Tulifika Beijing mwanzoni mwa Septemba 2018. Tulijiandikisha polisi ndani ya saa 24, kama sheria inavyotaka. Tukapimwa afya upya, na mwalimu akapata kadi ya kibali cha kazi. Katika wiki ya mwisho ya mwezi tukapeleka pasipoti zetu tatu kwenye ofisi ya polisi ya uhamiaji. Walituandikia stakabadhi. Kwa karatasi hiyo mgeni anaweza kusafiri ndani ya nchi, lakini mpakani haimsaidii kitu.

Siku ya pili yake wifi alipiga simu. Mama amelazwa, hali si nzuri.

Tulikimbilia chuoni kuuliza. Tuliambiwa kwamba inawezekana kuomba pasipoti zirudishwe, ila maombi ya kibali yatasimama, na tukitoka tutakuwa tumeitumia viza yetu. Itabidi tuanze tena: barua mpya, foleni ya ubalozini, na huenda muhula mzima wa masomo upotee. Tulifikiri mmoja wetu aende. Lakini viza ya muuguzi na ya mtoto zilikuwa na sharti hilo hilo, na zilitegemea kazi ya mwalimu. Hatukulala usiku huo. Asubuhi wifi alitupa simu tena, akasema mama amefumbua macho na ameuliza kama tumepata kibali. Alipoambiwa bado, alisema, "Basi wakae."

Alifariki Septemba 30 jioni. Kesho yake, Oktoba 1, ilianza sikukuu ya taifa la China, na ofisi za serikali zilifungwa hadi Oktoba 7. Sasa hata kama tungetaka kuzichukua pasipoti, mlango wa ofisi ulikuwa na kufuli.

Wazee wa ukoo waliamua wasitusubiri. Alizikwa kihambani siku ya Alhamisi, saa nane mchana za Marangu, ambazo kwetu zilikuwa saa moja jioni. Shemeji alipiga simu ya kawaida akaiweka sauti ya juu karibu na kaburi. Tuliusikia wimbo, kisha sauti ya mchungaji, kisha upepo. Baba alipotakiwa kutupa udongo, kijana wetu wa kidato cha pili alisogea akatupa kwa niaba yake. Wifi ndiye aliyetusimulia, kwa maana kwenye simu tulisikia tu kishindo kidogo. Binti yetu aliuliza kwa nini baba anainama mbele ya simu.

Usiku huo wanafunzi watatu wa Kichina walikuja kutuona na matunda. Walisimama mlangoni wakasema kwa pamoja, "Poleni sana kwa msiba." Walikuwa wamefundishwa maneno hayo darasani, na hawakuwa wamewahi kuyatumia.

Pasipoti zilirudi katikati ya Oktoba. Ndani yake palikuwa na kibali cha mwaka mmoja. Kuanzia siku ile tungeweza kutoka na kuingia mara nyingi tulivyopenda. Likizo ya Mwaka Mpya wa Kichina, Februari 2019, tulikwenda Marangu tukasimama kaburini, na tukatupa udongo wetu.

Kibali ni cha Mwenye Nyumba

Hata kibali cha kuingia mara nyingi kina mwenyewe. Januari 2020 tulikuwa nyumbani kwa likizo kama hiyo ugonjwa wa korona ulipoenea. Machi 28, 2020, China ilisimamisha kuingia kwa wageni, wakiwemo wenye vibali halali vya ukaazi. Mwalimu alifundisha kwa kompyuta kutoka sebuleni kwetu. Kipindi cha saa mbili asubuhi cha Beijing kilikuwa saa tisa usiku kwetu, na majirani walishangaa kumsikia mtu akifundisha ngeli za nomino kabla jogoo hajawika. Wenye vibali halali vya kazi waliruhusiwa kurudi kuanzia Septemba 28, 2020. Cha kwetu kilikuwa kimekwisha muda wake, na kazi tuliimalizia hapa hapa nyumbani.

Nchi nyingine nazo zina masharti yake. Saudi Arabia, mfanyakazi mgeni anahitaji ruhusa ya kutoka na kurudi, na iko ya mara moja na ya mara nyingi, kila moja na ada yake. Katika Falme za Kiarabu, kwa kawaida mkaazi akikaa nje zaidi ya miezi sita mfululizo, kibali chake hufutika. Kwa hiyo mama anayerudi kujifungua au kuuguza lazima azihesabu siku zake.

Mambo ya Kukubaliana Kabla ya Safari

Kwa haya yaliyotupata, kuna mambo tunayowashauri akina mama wenzetu.

Kwanza, pasipoti ikirudi kutoka ubalozini, someni mambo manne: aina ya viza, tarehe ya mwisho ya kuingia, idadi ya kuingia, na siku za kukaa. Msilolielewa liulizeni pale pale dirishani.

Pili, ulizeni kama kutakuwa na siku ambazo pasipoti itakuwa mikononi mwa ofisi, na ni ngapi. Tazameni na kalenda ya sikukuu za nchi hiyo. Wajulisheni wazazi na ndugu siku hizo mapema, ili wasije wakadhani mmewatupa.

Tatu, linganisheni majina katika vyeti vyote, herufi kwa herufi, kabla hamjaanza foleni. Cheti cha ndoa na vya kuzaliwa vya watoto ndivyo vinavyoibeba familia nzima.

Nne, kaeni na wazee mkubaliane: likitokea la kutokea, nani atasimama badala yenu? Nani atasaini hospitalini? Watoto waliobaki watakuwa kwa nani, na ana barua yenu iliyoandikwa? Wekeni na akiba ya nauli ambayo haiguswi kwa jambo lingine lolote.

Hilo la nne ni gumu kulisema, hasa kwa mzazi ambaye bado anapumua. Wengi huona ni kama kumwombea mabaya. Sisi tunamshukuru Mungu kwamba mama yetu alilisema mwenyewe, mbele yetu, akiwa na nguvu zake. Neno lake lilituwezesha kuyavumilia yale majuma bila kulaumiana ndani ya nyumba. Tumewaona wanandoa wengine walioachana mioyo kwa sababu ya msiba mmoja ambao hawakuwahi kuuzungumzia.

Mwaka 2023 binti wa wifi, naye ni muuguzi, alipata kazi Riyadh. Ukoo ulikaa kikao sebuleni kwetu. Kabla ya mtu yeyote kutaja mshahara, babu wa watoto, ambaye sasa amebaki peke yake kihambani, alimwita karibu akamwambia afungue pasipoti na asome kwa sauti. Akasoma. Kisha tukachukua karatasi, tukaandika majina mawili ya watakaosimama kwa niaba yake, namba zao za simu na kiasi cha nauli atakachoweka pembeni. Nakala moja alikwenda nayo. Nyingine iko Marangu, ndani ya Biblia ya bibi yake.