Mvua ya Waholanzi katika jangwa la Dubai

Metro ya njia nyekundu ilitushusha kituo cha Expo asubuhi moja ya Januari 2022, msimu ambao Dubai ina upepo mwanana. Expo, maonyesho ya dunia, ilikuwa imecheleweshwa mwaka mzima na korona. Sasa nchi 192 zilikuwa zimefika, watu na barakoa zao, huku ubani na kahawa ya iliki vikinukia kila kona.

Jua la adhuhuri lilitukuta kwenye foleni ndefu, miguu ikilalamika. Kijana aliyekuwa akiipanga foleni, mzaliwa wa Mombasa, alisikia tukiongea Kiswahili akaja mbio. "Karibuni sana, ndugu zangu! Dada, usiondoke kabla hujaingia banda la Uholanzi. Huko ndani kunanyesha." Akatuuliza habari za nyumbani, akatutafutia kivuli. Uchovu wote uliniisha.

Mlangoni mwa Waholanzi kila mgeni alipewa mwavuli mweupe. Tulishuka taratibu katikati ya kuta za chuma, na kila hatua ubaridi ukazidi. Kuta hizo zilikuwa za kukodi, vile vyuma ambavyo wajenzi huvikita ardhini kuzuia udongo usiporomoke. Maonyesho yakiisha, vingerudi kazini. Mbele yetu ulisimama mnara mkubwa wa umbo la koni, nje umevikwa mimea ya kuliwa, ndani mna giza na unyevu, na uyoga unaota.

Taa zikazimwa, tukafungua miavuli. Picha za rangi zikaanza kutua juu yake, kila mtu na yake, mwavuli umegeuka skrini. Mtoto mmoja mbele yangu aliuinamisha wake huku na huku, akiifukuza nuru isimtoroke. Kisha ikaja mvua, maji hasa, yakimwagika kutoka juu katikati yetu. Vigelegele! Mama mmoja mwenye sari alinyoosha kiganja, akakitazama kilivyolowa, akatugeukia sote akicheka.

Maji hayo hayakutoka bombani. Mtambo wa nishati ya jua uliyakamua kutoka kwenye hewa ya jangwani, mamia ya lita kwa siku, kisha yakanywesha mimea na uyoga. Siku hiyo nilipita mabanda yenye skrini kubwa kuliko nyumba, na hakuna lililonigusa hivi. Kwa Waholanzi mgeni alishika mpini, akasikia matone, akalowa kidogo. Kwangu mimi hilo ndilo lililokuwa banda bora la Expo.

Maonyesho yalifungwa Machi 31, 2022. Mahali penyewe sasa panaitwa Expo City Dubai, metro bado inafika, na banda la Terra lingali wazi. Ukipata safari, nenda kati ya Novemba na Machi, vaa viatu vya kutembelea, na ukisikia Kiswahili getini, simama usalimie.