Keko: Kitanda laini cha mtoto huanzia kwenye visu vya mashine

UKIFIKA Keko, wilayani Temeke, Dar es Salaam, unasikia mashine kabla hujachagua kitanda. Vitanda, makabati na meza hupangwa mbele, na nyuma yake mafundi wanapasua mbao, wanapiga randa na kupiga msasa.

Mama mmoja, mtoto mgongoni, amekuja kuangalia kitanda cha mninga alichoagiza. Fundi anamwahi mlangoni.

“Mama, subiri hapo nje na mtoto. Huku ndani kuna vumbi.”

“Sawa fundi, ila kiwe laini. Mtoto asije akachomwa na vibanzi.”

Ombi dogo, kazi kubwa. Mninga, mti wa misitu ya miombo ya mikoa kama Tabora na Katavi, hupendwa kwa rangi na uimara wake. Lakini ubao wenye mawimbi mazuri ndio unaosumbua, kwa kuwa nyuzi zake hazielekei upande mmoja. Mashine ikipita, mahali pengine inakata vizuri, pengine inanyofoa na kuacha vishimo.

Vishimo hivyo huondolewa kwa msasa, na hapo ndipo afya inapoguswa. Mashine ya randa hutoa zaidi maranda, ambayo huanguka chini na kuchukuliwa na wafugaji wa kuku. Msasa hutoa unga mwepesi unaoelea hewani na kuingia puani. Vumbi la mninga huweza kuwasha pua na koo, na kwa baadhi ya watu huamsha pumu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) limeweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, ikiwamo ya pua.

Kwa hiyo fundi anaanza na mashine. Anaizima, anachomoa waya kwenye umeme, kisha anafungua visu. Vilivyo butu vinanolewa na kurudishwa vikiwa na kimo kimoja. Kimoja kikizidi, kinaacha mistari kwenye ubao. Anafuta meza ya mashine na kuipaka nta ya mshumaa ili ubao uteleze.

Kisha anapunguza kina cha kukata: chini ya milimita moja kila mara, na mara ya mwisho nusu milimita tu. Anajaribu kwanza kwa kipande cha ubao uleule. Kikinyofoka, anakigeuza, kiingie kwa upande wa pili. Kazi inachukua muda, lakini ubao unatoka laini na msasa unaobaki ni kidogo.

Mzazi anayeagiza samani ana nafasi yake hapa. Asimharakishe fundi, kwani haraka ya randa hulipwa kwa msasa. Mtoto abaki nje ya karakana. Fundi naye avae barakoa ya vumbi inayokaa vizuri usoni, kwa sababu kitambaa cha kawaida hakizuii unga mwembamba.

Jioni, mashine zikizimwa, fundi anavua shati la kazi, ananawa uso na mikono, kisha anavaa jingine. Nyumbani naye ana mtoto anayemkimbilia mlangoni.