Mtoto wa siti ya nyuma husikia kwanza

Gari lililoshushwa hupendeza likiwa limeegeshwa. Likibeba familia nzima na gunia la mchele kutoka Mpanda kwenda Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mambo hubadilika.

Baba anashika usukani, lakini anayesikia kelele kwanza ni mtoto aliyeketi karibu na tairi la nyuma. Akisema, "Baba, kuna kitu kinagonga," asinyamazishwe kwa kuongeza sauti ya redio.

Kabla ya kwenda gereji, mzazi atoe jeki, spana na tairi la akiba kwenye buti, kisha ajaribu tena. Pengine kelele itaishia hapo. Ikibaki, asikilize mlio wenyewe. Kugonga harakaharaka kwenye vishimo ni dalili ya shokapu iliyochoka au nati yake iliyolegea. Kulia kama kitanda cha zamani mara nyingi ni bushi za mpira zilizokauka. Kishindo kimoja kizito kwenye tuta huonyesha springi imebonyea hadi mwisho. Tairi likikwaruza bodi, safari isimame, maana linaweza kupasuka.

Hatari kubwa zaidi ni springi iliyokatwa ili gari lishuke. Fundi akinyanyua gari na springi ikacheza, inaweza kuchomoka njiani. Hapo zirudishwe springi za awali, au zifungwe fupi zilizotengenezwa kwa gari hilo, pamoja na shokapu zinazolingana nazo.

Bei itauma. Ila wanaokalia springi hizo ni watoto.